Utazikwa Wapi, Sista? Siku Zangu za Kwanza Kangemi, Nairobi

Jumatatu

Tumeondoka Moshi alfajiri kwa basi dogo la Nairobi linalopitia Arusha na Namanga. Barua ya utume iko kwenye mkoba pamoja na pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Imeandikwa kwa ufupi: nyumba yetu ya Kangemi, Jimbo Kuu la Nairobi, kazi yangu ni kutembelea familia na kuwa karibu na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Nadhiri zangu za kwanza nimeziweka Agosti. Huu ndio utume wangu wa kwanza, na nimeupokea kwa furaha ambayo sijui niipeleke wapi.

Jana, kule Kilema, bibi yangu alinifungia kahawa ya shambani, aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe, akaniagiza masista wa Kenya waionje kwanza bila maziwa. Kahawa na imani viliingia kwetu kwa mlango mmoja. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wale wa Bagamoyo, walifungua misheni Kilema mwaka 1890 na kupanda mibuni. Mwaka 1899, reli ilipofika Nairobi, wenzao wa shirika hilohilo nao walifika, wakapanda mibuni na huko. Nilimweleza bibi hivyo ili asione naenda mbali sana. Akanijibu, "Mbali ni mbali tu, mwanangu, lakini nenda."

Namanga hakukuwa na shida. Maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja siku hizi. Unagongewa mhuri wa kutoka dirisha hili, wa kuingia dirisha lile, unarudi kwenye gari. Baada ya hapo ni nyika ya Wamasai hadi Kajiado, kisha Isinya, kisha Kitengela ambako nyumba zinaanza kubanana. Kuanzia Athi River malori yalikuwa yamepanga foleni, na barabara mpya ya kulipia ikapita juu ya vichwa vyetu kuelekea Westlands. Ni Novemba; mijakaranda imechanua na maua yake ya zambarau yamelala kwenye maji ya mvua pembezoni mwa barabara. Masista wawili walinisubiri mjini. Tukapanda matatu, muziki ukipiga hadi viti vinatetemeka, tukafika Kangemi giza limeshaingia.

Jumanne

Nyumba yetu ina masista wanne sasa: Sista Mkubwa ni wa Nyeri, mwingine wa Machakos, mwingine Mganda wa Masaka, na mimi. Tunasali Masifu kwa Kiswahili, tunapika kwa zamu, na jana usiku niliambiwa zamu yangu ya kwanza ni Jumatano na kwamba ndizi za kwetu zinasubiriwa kwa hamu.

Baada ya chai katekista alinichukua kunizungusha. Anaishi hapa tangu akiwa kijana na hatumii majina ya njia wala namba za nyumba. Kila mahali kwake ni ploti ya fulani, yaani jengo la vyumba vya kupangisha: ploti ya mzee mwenye pikipiki, ploti yenye kisima, ploti ya mama aliyefiwa. Kangemi iko kandokando ya Barabara ya Waiyaki, inayotoka Westlands kuelekea Nakuru na magharibi yote ya Kenya. Ng'ambo ya barabara ni Loresho, kuta ndefu na nyaya za umeme juu yake. Upande huu ghorofa za vyumba vya kupangisha zimesimama bega kwa bega, na katikati yake vyumba vya mabati vinateremka hadi mtoni. Njiani wanawake wanakatakata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi, fundi cherehani anashona sare za shule, kijana anasukuma mkokoteni wa mitungi ya maji akipiga mluzi watu wapishe. Waluhya ni wengi sana hapa. Lakini kabla ya saa sita nilikuwa nimesalimiana na Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo, Wakisii, familia ya Wakongo na kijana kutoka Rwanda anayeuza mayai.

Tulimalizia parokiani, Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, inayoongozwa na Wajesuiti. Hapa ndipo Papa Fransisko alipokuja asubuhi ya tarehe 27 Novemba 2015. Katekista alinionyesha alikosimama yeye siku ile na mkewe alikosimama na mtoto mgongoni. Papa hakuja kuwapa pole tu. Alizungumzia ardhi inayohodhiwa na wachache, maji yanayokosekana, vyoo, watoto wasio na pa kuchezea, na akasema pia kwamba mitaa hii ina hekima yake, ya watu kusaidiana na kupeana nafasi. Katekista anaikumbuka sehemu hiyo ya mwisho kuliko zote. "Wageni wengi huja kuhesabu matatizo yetu," aliniambia. "Yule alihesabu na mema."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu tulipokuwa bado tumesimama pale.

Jumatano

Mvua tangu usiku. Zamu ya jikoni. Mabomba yamekauka ingawa nje yanapita mafuriko. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, na huku kwetu huja kwa ratiba. Tulikinga ya paa kwenye mapipa. Ndizi zililiwa zote, na kahawa ya bibi ikaonjwa bila maziwa, kisha ikanywewa kwa maziwa.

Usiku katekista alipiga simu: mume wa mama mmoja wa jumuiya, fundi wa kujenga nyumba za mawe, amefariki hospitalini.

Alhamisi

Leo nimeingia jumuiyani kwa mara ya kwanza, na nataka kuiandika kwa urefu.

Sisi tuliozaliwa juzi tunaona jumuiya ndogo ndogo kama kitu kilichokuwepo siku zote, lakini ni uamuzi uliofanywa na watu. Maaskofu wa AMECEA, yaani wa nchi zetu za Afrika Mashariki na jirani, walianza kuuzungumzia kwa uzito mwaka 1973, na mwaka 1976 walipokutana Nairobi wakaufanya ndio njia ya uchungaji: Kanisa lianzie kwa majirani wachache wanaojuana kwa majina. Kijijini kwetu uamuzi huo haukubadili sana, maana majirani ni ndugu tangu zamani. Mjini ndipo nimeona nguvu yake. Ploti moja ina familia thelathini zinazotumia ngazi moja na bomba moja, kila moja imetoka wilaya yake, na mtu anaweza kukaa humo mwaka mzima asijue jina la aliye nyuma ya ukuta. Jumuiya ndiyo inayobisha hodi.

Tulikutana saa kumi na mbili jioni katika chumba cha mama mmoja muuza mboga. Chumba ni kimoja, pazia linakigawa. Watu sita walikaa kitandani, wengine kwenye vigoda na mitungi iliyogeuzwa, watoto mlangoni, na vijana wawili walibaki kwenye ngazi wakisikiliza kupitia dirishani. Mshumaa uliwekwa kwenye sahani juu ya jiko la gesi lililozimwa. Tulisoma Injili ya Jumapili ijayo kwa hatua saba, kama tunavyofanya Tanzania. Ilikuwa Luka 21, watu wanapolisifia hekalu kwa mawe yake mazuri na Yesu anasema halitabaki jiwe juu ya jiwe.

Hatua ya kurudia neno lililokugusa, karibu kila mtu alirudia "mawe". Walikuwa wanamfikiria yule fundi. Mwenzake wa kazi, aliyekuwepo, alisema marehemu alikuwa anachonga jiwe la kona mwenyewe, hamwachii mtu. Na kwamba ghorofa alizojenga upande wa Westlands na Kileleshwa zina watu ambao hawakuwahi kumwona. Kisha akanyamaza, mwenye nyumba akaanzisha wimbo.

Baada ya sala kikao kikageuka cha msiba. Marehemu ni mtu wa Mukumu, karibu na Kakamega, na lazima arudishwe. Mwenyekiti alitaja vitu kimoja kimoja na katibu akaandika: bili ya hospitali, mochari, jeneza, gari la kubeba mwili, basi la waombolezaji, chakula cha nyumbani. Hakuna aliyeuliza kama kuna ulazima wa kwenda mbali hivyo. Wote wanajua. Mtu aliyekaa Nairobi miaka thelathini, ukimuuliza kwao ni wapi, atakutajia kijiji. Na mimi Mchagga nitamshangaaje? Wetu waliotapakaa Dar es Salaam na Mwanza hurudi Krismasi, na wakifa wanaletwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, wanalala kwenye migomba na baba zao.

Hapo mzee mmoja, naye wa Mukumu, ambaye babu yake alibatizwa na wamisionari wa Mill Hill waliofungua misheni ile mwaka 1906, alinigeukia.

"Sista, umesema kwenu ni Kilimanjaro. Siku yako ikifika, watakuja kukuchukua?"

Mama mmoja akamkemea, "Mzee, mtoto ndio kwanza amefika!" Lakini sikuona kosa katika swali lake. Nilimwambia masista huzikwa kwenye makaburi ya watawa, pale shirika linapoamua, na mara nyingi ni pale wanapofia kazini.

"Hata hapa Nairobi?"

"Hata hapa, mzee."

Alikaa kimya kidogo akitikisa kichwa. "Basi wewe utakuwa mwenyeji kuliko sisi wote."

Watu walicheka, wengine wakaguna. Mimi nilirudi nyumbani na maneno yale, nikayapeleka kwenye kanisa letu dogo kabla ya kulala. Nilipoweka nadhiri nilijua nimeiacha nyumba ya baba yangu. Kaburi la baba yangu, na nafasi iliyo kando yake, sikuwa nimeyawaza.

Ijumaa

Katika kikao cha jana kulikuwa na mwanamke aliyetoa mchango wake wa kwanza kabisa, kabla hata karatasi haijazunguka, na hakusema neno. Leo Sista Mkubwa alinituma kwake. Ni Mkongo wa Bukavu.

Chumba chake kina cherehani dirishani, vitenge vimepangwa kwa rangi kwenye rafu hadi juu, na picha ya Bikira Maria iliyowekewa ua la plastiki. Anashona magauni, na mwanawe wa kiume anavitembeza vitenge ofisini na sokoni. Alinipikia sombe, majani ya mihogo, kwa samaki wadogo, akakataa kuzungumza kabla sijala. Kiswahili chake ni cha kwao, kizito na chenye adabu, na ananiita Sista huku ananishika mkono kama mama.

Alitoka Bukavu miaka mingi iliyopita. Mwanzo wa yote kwake ni Oktoba 1996, akiwa bado msichana wa shule, vita vilipoingia mjini. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, alikuwa amebaki na watu wake wakati wenye uwezo walipokuwa wamekwishaondoka, na tarehe 29 Oktoba aliuawa barabarani. "Alituambia tusimame imara, na yeye akasimama," alisema. Ndiyo maana, walipofika Nairobi na kusikia kwamba mapadre wa Kangemi ni Wajesuiti, mumewe alisema, "Tutafute chumba huko." Mwezi Februari mwaka 2025 Bukavu ilitekwa tena, safari hii na waasi wa M23, na ndugu aliokuwa akiwapigia simu kila Jumapili wametawanyika, wengine wamevuka kwenda Burundi.

Mumewe alifariki hapa. Wao hawana gari la kukodi la kwenda kwao. Ni wakimbizi, na njia imefungwa. Alizikwa Lang'ata, makaburi ya jiji, ambayo yamejaa tangu zamani. Familia yenye uwezo hulipia kaburi la kudumu. Isiyo nao hupewa la muda, ambalo baada ya miaka kadhaa huchimbwa tena akawekwa mwingine. La mumewe ni la muda.

Hapo alinyamaza, akaenda kuzima jiko. Aliporudi alisema kwa sauti ileile ya kawaida:

"Sista, nimechangia mabasi ya Kakamega, ya Kisii, ya Siaya. Nimechangia kwa moyo, maana mtu lazima alazwe kwao. Sasa ningeomba jumuiya ije siku moja tu Lang'ata, isali pale, kabla hawajamweka mtu mwingine juu yake. Ni mwezi wa marehemu. Lakini kuomba naona haya. Wao wana matanga yao."

Nilimuuliza kama naweza kulisema hilo kwa mwenyekiti. Alikubali, akaongeza, "Lakini baada ya msiba huu. Huyu fundi kwanza."

Nimekaa na jambo hili siku nzima. Kuna watu humu wanaozika mbali kwa sababu wana kwao, na kuna wanaozika karibu kwa sababu hawana njia ya kurudi. Jumuiya imejua kwa miaka jinsi ya kuwasindikiza wale wa kwanza. Hawa wa pili wanachangia na kukaa kimya, na kimya chao kinafanana sana na kuridhika, mtu asipoingia ndani na kula sombe.

Jumamosi

Asubuhi Sista Mganda alinipeleka Msongari, parokia ya Mtakatifu Austin, kule Lavington. Kutoka Kangemi si mbali. Matatu hadi makutano ya James Gichuru, halafu miguu. Ndiyo misheni ile ya 1899, ya mapadre wa kahawa. Mibuni haipo tena, pamejaa shule na nyumba za watu wakubwa, lakini makaburi ya wamisionari bado yapo, misalaba kwenye safu, majina ya Kifaransa na ya Kiayalandi na ya kwetu.

Nilikuwa na kaburi moja ninalolitafuta. Edel Quinn alizaliwa Ayalandi mwaka 1907. Alitaka kuwa mtawa wa ndani, kifua kikuu kikamzuia, akalazwa mwaka mmoja na nusu bila kupona kabisa. Mwaka 1936 Lejio ya Maria, chama cha kitume cha walei, ilimtuma Afrika Mashariki, msichana asiye na afya, na wengi walipinga. Alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, hadi Mauritius, akianzisha vikundi vya walei katika misheni ambazo baadhi ya mapadre wake walidhani jambo hilo haliwezekani, Wazungu na Waafrika na Wagoa kuketi kwenye sala moja. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944 akiwa na umri wa miaka 36. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mtumishi wa Mungu mwenye heshima.

Kaburi ni la kawaida. Mtu alikuwa ameacha maua. Tulisali rozari, na nikamwomba kitu kimoja tu, kwamba nisiwe mtu wa kupita.

Sista alinisimulia habari nyingine ambayo sikuijua. Kardinali Maurice Otunga, Mkenya wa kwanza kuwa kardinali, mwana wa chifu wa Bungoma, alipofariki mwaka 2003 alizikwa hapahapa, kati ya wamisionari. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa Bustani ya Ufufuko, Karen. Lakini hakurudishwa Bungoma. Nilimwaza mzee wa Mukumu. Waluhya wenyewe wana mtu wao mkubwa aliyelala Nairobi, na wanakwenda kusali kwake kwa mabasi. Nikaona kwamba mzee hakuniuliza swali la kigeni. Alikuwa akiuliza jambo ambalo watu wake wameshaliona kwa macho na bado halijawatulia moyoni. Nami ninaona wako sahihi kutotulia. Kuzikwa mahali ni jambo zito. Mtu asilichukue kirahisi kwa sababu tu amevaa kilemba.

Jumapili

Misa ya Kiswahili, kanisa limejaa hadi nje. Ilikuwa Siku ya Maskini Duniani, na padre alihubiri juu ya mawe ya hekalu bila kujua jumuiya yetu ilikuwa imeshalia juu ya mawe hayohayo. Kwaya iliimba nyimbo ambazo nimeziimba tangu Komunyo ya kwanza. Kwaya za Kenya huimba sana kazi za watunzi wa Tanzania, na kuzisikia kwa kinanda cha Kangemi, zikisukumwa kwa mwendo wa kasi kidogo, kulinifanya nilie waziwazi. Mama aliyekaa kando yangu alinipa leso ya karatasi na hakuuliza kitu.

Baada ya Misa nilimwona mwenyekiti wa jumuiya. Nilimweleza ombi la mama wa Bukavu. Alikaa kwenye benchi la nje, akavua kofia.

"Mimi nilikuwepo siku tulipomzika mumewe," alisema. "Nilishika kamba. Sijarudi pale hata mara moja." Akaniahidi atalisema mbele ya watu, mwenyewe.

Jumatatu hadi Jumatano

Siku hizi tatu zimekuwa za matanga. Kila jioni kwenye ploti ya marehemu, chini ya turubai lililofungwa kwenye ngazi, taa ya balbu moja. Mvua ikianza, watu wanasogeza viti bila kukatiza wimbo. Wanakuja wa kanisa letu, wa kanisa la Kipentekoste la PAG, wa Quaker, wa Jeshi la Wokovu, na Waislamu wawili waliokuwa mafundi pamoja na marehemu. Kila kikundi kinapewa nafasi ya kuongoza sala, kisha kinarudi kukaa na wengine.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni mweka hazina. Ni kijana, dereva wa bodaboda, ana simu yenye kioo kilichopasuka. Michango huingia kwa M-Pesa, na kila jioni yeye husimama chini ya balbu na kusoma kila jina na kila kiasi. Hamsini inasomwa kwa sauti ileile inayosomewa elfu tano, na watu wanapiga makofi mara moja kwa kila jina. Inachukua muda mrefu. Hakuna anayemharakisha. Aliniambia kwamba aliwahi kushauriwa aseme jumla tu akakataa, kwa sababu, alisema, "aliyetoa hamsini amekosa mkate asubuhi." Na mjane, aliyekaa kwenye mkeka kando ya ukuta, husikia majina yote ya watu walio upande wake.

Jumanne jioni jina la mama wa Bukavu lilisomwa tena. Alikuwa ametuma mara ya pili.

Mimi nimefanya kazi ndogo. Nimemenya viazi, nimekaa na watoto watatu wa marehemu, nimemsaidia binti mkubwa, wa darasa la nane, kuandika historia fupi ya baba yake ya kusomwa kaburini. Alitaka majengo yote yatajwe. Tuliyaandika, mtaa kwa mtaa, kwa kadiri alivyokumbuka akipelekwa na baba yake siku za likizo.

Alhamisi

Gari la maiti lilitoka mochari alasiri. Kwa kuwa njia ya kwenda Kakamega ni hiihii Barabara ya Waiyaki, hupita hapa mbele yetu, na desturi ya Kangemi ni kulipokea pembeni mwa barabara ili wasioweza kusafiri waage. Tulikuwa wengi, tumesimama kwenye tope, matatu zikipunguza mwendo na makonda wakizima muziki. Mafundi wenzake walikuja na nguo za kazi, vumbi la mawe kwenye nyusi. Padre alinyunyiza maji ya baraka. Mjane alishuka, akazunguka gari, akapanda tena.

Mzee wa Mukumu anasafiri na basi. Kabla hajapanda alinishika bega. "Nakwenda kumlaza kijana, narudi," alisema. "Usije ukahamishwa kabla sijarudi."

"Sihamishwi, mzee. Ndio kwanza nimefika."

Kisha, watu wakiwa bado wamekusanyika na injini ya basi inanguruma, mwenyekiti alipanda juu ya jiwe la ukingo wa barabara akaomba dakika moja. Alisema jumuiya ina ndugu mwingine aliyelala Lang'ata, kwamba tulimzika na hatukurudi, na kwamba mjane wake yuko hapa kati yetu na amechangia kila basi lililoondoka mbele ya macho yake. Alisema Jumamosi ya wiki ijayo, kabla mwezi wa marehemu haujaisha, jumuiya itakwenda. Hakuongeza neno. Mama wa Bukavu alikuwa amejifunika kitenge hadi kichwani kwa ajili ya mvua, sikuuona uso wake, ila nilimwona mama muuza mboga akivuka tope kwenda kusimama naye.

Basi liliondoka saa moja usiku.

Tulibaki wachache kupanga. Katekista atamtafuta mlinzi wa makaburi atuonyeshe safu kabla ya siku yenyewe, maana namba za misalaba ya mbao hufutika. Mafundi wamesema wana kipande cha jiwe kilichobaki kazini na mmoja wao atachonga jina, tarehe na neno Bukavu. Kama halitaruhusiwa kwenye kaburi la muda, mama atakaa nalo nyumbani. Mimi nimepewa kubeba kitabu cha sala, maji ya baraka na mshumaa, na kumkumbusha mweka hazina alete daftari, kwa sababu nauli ya watoto italipwa na jumuiya. Tunakwenda hadi mjini, tunabadilisha matatu ya Lang'ata. Tunakutana stejini saa mbili asubuhi.